Gari la Mbio na Mvua ya Masika

Katika Ujerumani, Austria na nchi nyingine za Ulaya ambazo baridi yake huleta theluji, mwenye gari aghalabu huwa na seti mbili za matairi, moja ya kiangazi na moja ya majira ya baridi, na Wajerumani wana kanuni ya mdomo isemayo kwamba tairi la baridi lifungwe tangu Oktoba hata Pasaka, kisha lirudishwe ghalani na lile la kiangazi lishike zamu. Desturi hiyo imezaliwa na tabia ya mpira wenyewe. Mpira uliochanganywa kwa ajili ya joto, hali ya hewa ikishuka hata kufikia takriban nyuzi 7 za Selisiasi, huanza kukakamaa na kupunguza mshiko wake juu ya lami. Na ule uliochanganywa kwa ajili ya baridi hubaki laini penye barafu, walakini hulegea kupita kiasi penye jua. Kwa hiyo Mjerumani anapouliza ni tairi gani la kiangazi lifaalo gari lake lenye mbio, ambalo ndilo hilo hilo aendalo nalo kazini kila asubuhi, swali lake lina mpaka wa miezi sita au saba. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja swali hilo halina mpaka. Usiku wa Julai, ambao sisi tunauita wa baridi na kuufungulia masanduku ya masweta, Dar es Salaam hushuka hata karibu na nyuzi 18. Mchana wa Februari hupanda hata 32, na lami iliyopigwa na jua tangu asubuhi huwa na moto uzidio huo kwa mbali.

Ajabu ni kwamba katika miji hii, ambayo kiangazi chake cha mpira hakina kikomo, si machache magari ya mbio yanayotembea juu ya matairi ya theluji. Subaru Impreza WRX, gari ambalo sifa yake ilienea huku tangu Colin McRae alipoishindia Subaru mashindano ya Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns akayashinda tena ndani ya Impreza mwaka 2000, hutufikia likiwa limekwisha tumika Japani, na kadhalika Toyota Altezza, Mark X na ndugu zao. Kule Hokkaido na kaskazini ya Honshu theluji hukaa miezi mingi. Na tangu sheria ya mwaka 1990 ilipozuia matairi yenye misumari, kwa sababu misumari ile ilikuwa ikiichimba lami na kuwajaza watu vumbi vifuani, Wajapani wametegemea tairi la theluji lisilo na msumari, aina ambayo Bridgestone iliileta sokoni kwa jina la Blizzak mwaka 1988. Matairi hayo huja yamevaliwa na gari lenyewe, au huja katika shehena ya mitumba, yakapangwa kandokando ya barabara yakingoja mteja avutwe na unene wa meno yake.

Na kweli huvuta. Katika duka moja la matairi yaliyotumika nilimwona kijana amesimama mbele ya tairi la namna hiyo, na muuzaji akilizungusha kwa kiganja ili upande wote uonekane. "Kaka, hili ni Japani halisi," alimwambia, "tazama meno yalivyojaa. Hata mvua ije vipi, huwezi kuteleza na hili." Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi juu ya rimu akinywa chai, aliinuka bila ya haraka, akalibonyeza jino moja la tairi kwa kucha ya kidole gumba, nalo likabonyea. Akamwambia kijana, "Mwanangu, lisome kwanza ndipo ulitazame." Akamwonyesha juu ya kila jino mikato myembamba kama iliyochanjwa kwa wembe, ambayo kazi yake ni kung'ata barafu, akamwonyesha ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, akamwonyesha neno STUDLESS, yaani lisilo na misumari, limeandikwa kwa herufi kubwa, na mwisho akaweka kidole juu ya herufi Q, mwishoni mwa kipimo cha tairi, ambayo maana yake ni kwamba tairi lile halikuundwa kuvuka kilomita 160 kwa saa. Kijana akasema kwamba yeye hana nia ya kwenda 160. "Najua, mwanangu," fundi akajibu, "lakini herufi hiyo inakwambia pia joto gani linavumilika humo ndani."

Jibu lile lilikuwa sahihi kuliko majibu ya wengi wanaouza matairi kwa ujira mnono. Tairi linapobingirika hukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi kila dakika, na kila mkunjo huzaa joto. Herufi ya kasi ni ushahidi wa muundaji kuhusu kiasi gani cha joto hilo tairi lake litastahimili likiwa limebeba uzito uliotajwa. Herufi H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270, na Y ni 300. Na gari la mbio, likitoka kiwandani, aghalabu huvishwa V au W. Kulivua matairi hayo na kulivisha Q yenye mpira laini na meno yenye mikato ni kumfanya mwenye kuendesha aamini kitu kisichokuwapo: usukani huwa mzito wa kujibu, breki huchelewa kwa sababu meno hupindana kabla ya kushika, na mpira hulika upesi. Hata katika maji, ambayo muuzaji aliyatolea dhamana, mikato ile ya barafu haina msaada mkubwa juu ya lami yenye moto.

Tukikubaliana kwamba tairi la gari hilo ni la kiangazi, mwaka mzima, bado tumebaki na mtihani wa kuchagua lipi. Maoni yangu, ambayo najua vijana wengi hawatayapenda, ni kwamba anayechagua tairi kwa gari la mbio katika pwani yetu asianze na kasi. Aanze na maji. Gari la namna hii lina nguvu za kutosha na breki za kutosha, na katika lami kavu karibu kila tairi jipya la heshima litamtimizia dereva wa kila siku haja yake. Tafauti hudhihiri pale masika yanapofungua, kati ya Machi na Mei, au vuli ya Oktoba hata Disemba, na zaidi katika dakika za awali za mvua ya kwanza baada ya miezi mikavu, wakati ambapo vumbi, mafuta yaliyodondoka kwa malori na unga wa matairi ya watu wote huchanganyika na maji kidogo vikawa utelezi. Atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro anajua pia mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya malori katika lami. Mvua ikinyesha mifereji hiyo huwa vijito, na gari jepesi lenye matairi mapana huvutwa humo kwa lazima.

Maji yakiwa mengi, mambo ni mawili tu: ama tairi liyafukuze, ama liyapande. Wataalamu wa NASA walipochunguza matairi ya ndege katika miaka ya 1960 walipata kanuni nyepesi inayofungamanisha upepo uliomo ndani ya tairi na kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji, na kwa kanuni hiyo tairi lenye upepo wa PSI 32 huelea karibu na kilomita 94 kwa saa, ilhali likipungua hata PSI 24 huelea karibu na 82. Tairi la ndege si tairi la gari, na mifereji mizuri ya tairi la gari huisogeza mbele kasi hiyo; walakini hesabu hiyo inatufunulia jinsi kasi zenyewe zilivyo za kawaida. Si kasi za mashindano hata kidogo, ni kasi za basi la abiria. Ndiyo maana kina cha mifereji ni jambo la kwanza. Tairi jipya la kiangazi huwa na takriban milimita 8, na sheria za Ulaya hulikataa likishafika 1.6, kiasi kinachoonyeshwa na vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji yenyewe. Mimi ningeshauri likifika 3 mwezi wa Februari lisingojee masika.

La pili ni mchanganyiko wa mpira. Zamani mpira wa kukanyagia ulitiwa masizi kuupa nguvu, na mwundaji alikuwa hana budi kuchagua: mshiko wa maji au wepesi wa kubingirika, maisha marefu au breki fupi. Mapema katika miaka ya 1990 Michelin ya Ufaransa ilianza kuuza matairi ambayo sehemu kubwa ya masizi hayo imebadilishwa kwa silika, na tangu hapo mapatano kati ya sifa hizo yamekuwa bora kuliko yalivyokuwa kwa baba zetu. Tairi la leo la daraja la kati linashika lami yenye maji kuliko matairi mengi ya zama zile, na mwenye gari la kila siku anafaidi elimu hiyo bila ya kuijua.

Nasema daraja la kati kwa makusudi. Matairi ya kiangazi ya magari haya yana tabaka zake. Juu kabisa yapo yale makali, mfano wa Yokohama Advan Neova au Bridgestone Potenza RE-71, ambayo yameundwa kwa mtu anayekwenda uwanja wa mashindano Jumamosi na kurudi nyumbani kwa matairi yale yale. Yana mpira wa kunata, mifereji michache, ubavu mgumu na kelele za kudumu, na mshiko wake katika lami kavu ni wa kustaajabisha. Lakini yakianza kuisha huyaogopa maji mengi, na huisha upesi. Chini yake yapo yale ambayo mwundaji ameyakusudia kwa gari lenye nguvu litumikalo kila siku: Michelin Pilot Sport 5, Yokohama Advan Fleva V701, Bridgestone Potenza Adrenalin na mengineyo ya daraja hilo. Haya ndiyo ningemshauri mwenye WRX, Altezza au Mark X ayatafute, kwa kuwa yanatoa sehemu kubwa ya raha ya yale ya juu, tena yana mifereji mipana ya kuzungukia tairi zima, na hayamtesi abiria. Chini zaidi yapo matairi ya utulivu na ya kuhifadhi mafuta, ambayo hayana aibu yoyote katika gari la familia. Lakini katika gari lenye turbo na usukani mwepesi ubavu wake laini humfanya dereva asijue magurudumu yanafanya nini.

Wako wanaochagua kwa namba ya uchakavu ambayo sheria za Marekani hulazimisha iandikwe ubavuni: 200, 300, 400 na kuendelea. Namba hiyo hupatikana kwa kulilinganisha tairi na tairi la kipimo lililopewa 100, katika safari ya maelfu ya kilomita kwenye barabara za Texas, na mwundaji mwenyewe ndiye atoaye namba. Kwa hiyo 400 ya kampuni moja si lazima iishi zaidi ya 340 ya kampuni nyingine. Itumike kulinganisha matairi ya nyumba moja, isitumike zaidi ya hapo. (Katika mashindano mengi ya wapenzi wa magari huko Marekani tairi halikubaliwi likiwa chini ya 200, na pengine ndiyo sababu matairi makali mengi yamepata 200 kamili, wala si 190 wala 210.) Lebo ya Umoja wa Ulaya, ambayo tangu Mei 2021 inapanga matairi kuanzia A hata E, ina manufaa zaidi kwetu, kwa kuwa alama yake moja inapima breki katika lami yenye maji. Mwenye kununua katika pwani yetu asikubali chini ya B katika alama hiyo, hata akishawishiwa kwa bei.

Sasa nije kwenye rimu, ambako fedha nyingi hupotea. Baadhi ya Impreza WRX za mwanzo wa karne hii zilikuja na kipimo cha 205/55R16, maana yake upana wa milimita 205, ubavu wenye kimo cha asilimia 55 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Hesabu haihitaji shahada: ubavu ni takriban milimita 113, na tairi zima lina kipenyo cha milimita 632. Kijana akiliona gari la mwenzake limevaa rimu za inchi 18 naye hununua hizo, akazivisha 225/40R18, ambazo kipenyo chake ni 637, kwa hiyo mita ya mwendo haidanganyi sana na tairi haligusi bodi. Lakini ubavu umebaki milimita 90. Milimita 23 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikisimama kati ya rimu na mashimo ya barabara zetu, na matuta yasiyo na alama, na kingo za lami zilizomegwa. Siku tairi hilo likiangukia shimo kwa kasi, nyuzi zilizomo ubavuni hubanwa kati ya chuma na jiwe zikakatika, na baada ya siku chache ubavu hutoa uvimbe kama wa yai. Uvimbe huo hauna dawa. Fundi atakayesema atautibu kwa kiraka cha ndani ahesabiwe kuwa muuzaji wa majeneza.

Zaidi ya hayo tairi pana huyakanyaga maji mapana, na likiwa limevaliwa na gari jepesi huelea mapema kuliko jembamba. Mwenye kupenda sura ya gari lake, na sura si dhambi, aishie inchi 17: kwa 205/50R17 ubavu hubaki milimita 102 na nusu, na kipenyo 637, na bado rimu hujaza tao la tairi kwa heshima. Kama fedha ni haba, abaki na zile za inchi 16, atie tofauti yote katika mpira. Fleva na Adrenalin hupatikana pia kwa 205/55R16, na tairi la inchi 16 hugharimu kidogo kuliko la inchi 18 la jina lile lile.

Kabla ya kulipa, mnunuzi alitafute neno DOT ubavuni na namba nne za mwisho zinazolifuata: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi huzeeka likiwa dukani pia, na lililoanikwa juani mbele ya duka huzeeka zaidi. Michelin, kwa mfano, hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatimiza miaka mitano ya matumizi, na litolewe likifika miaka kumi tangu kuundwa hata kama meno yake ni mazima. Lililo dukani likiwa na miaka minne tayari si jipya, liwe na ngozi ya kung'aa kiasi gani.

Swali la kununua mawili au manne lina majibu mawili. Katika Subaru, ambayo injini yake huyazungusha magurudumu yote, matairi manne hayana budi kuwa ya aina moja na ya uchakavu unaokaribiana, na kampuni yenyewe inataka tafauti ya mzingo kati yao isizidi takriban milimita 6. Kinyume cha hivyo difu ya katikati hufanya kazi bila ya kupumzika hata barabara iwe imenyooka, na gharama yake baadaye ni kubwa kuliko ya matairi yaliyokwepwa. Katika Altezza au Mark X yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma, na hata katika gari livutwalo na ya mbele, mawili yanaweza kununuliwa, na yaliyo mapya yafungwe nyuma. Watu wengi hupinga, wakidhani mbele ndiko kwenye usukani na breki. Lakini tairi la mbele likipoteza mshiko dereva huhisi mikononi, akapunguza mwendo. La nyuma likipoteza mshiko kwenye kona yenye maji, gari hugeuka kabla ya mtu kufahamu, na wachache sana wanaojua la kufanya katika nusu sekunde hiyo.

Upepo ni jambo dogo, lakini mafundi wengi huutia kwa mazoea, 40 kwa gari la kila mtu. Gari la Kijapani lina kibandiko katika nguzo ya mlango wa dereva chenye kipimo chake sahihi, nacho huandikwa kwa kilopaskali: 230 kPa ni sawa na PSI 33. Geji ya fundi husoma PSI, kibandiko husoma kPa, na kati ya hizo mbili matairi mengi huharibika katikati kwa upepo wa kuzidi au mabegani kwa upepo wa kupungua. Kipimo kichukuliwe asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kuwa mwendo na jua huongeza PSI kadhaa, na anayeyapunguza matairi yakiwa moto saa nane mchana ataamka na matairi yenye upungufu. Balansi na alaimenti zifanywe siku ile ile ya kufunga matairi. Tairi la daraja hili likivutwa upande kwa alaimenti mbovu huliwa bega moja kwa miezi michache, na mwenye gari akalilaumu tairi.

Matairi yakishafungwa, kilomita 300 za kwanza ziendeshwe kwa upole, kwa sababu ngozi ya juu ya mpira mpya bado ina mabaki ya vilainishi vya kalibu ya kiwandani na haijakwaruzwa vya kutosha kushika lami. Safari mbili za kutoka Dar es Salaam hata Bagamoyo na kurudi, kwa mwendo wa kawaida, zinakaribia kutosha. Kona za mlima Kitonga zitangoja.